Nyuma ya Rich Mullins: kutoka Ohio hadi nchi ya Wanavaho

Jumamosi: Dayton, Cincinnati, Dayton

Nianze na Cincinnati kwa kuwa ndiko tulikoanzia, ingawa huko hakuna mengi ya kuona. Chuo cha Biblia alikosoma Rich Mullins, mtunzi na mwimbaji wa Kikristo wa Marekani, kati ya 1974 na 1978 kilifungwa mwaka 2019. Tulipanda kilima cha Price Hill, tukautazama mto Ohio na madaraja yake, shemeji akapiga picha za kutuma nyumbani, basi. Huko chini mjini ndiko kijana yule alikokuwa akifanya kibarua kwenye jengo la kuegesha magari ili ajikimu. Ng'ambo ya mto, Erlanger katika jimbo la Kentucky, akawa anaongoza muziki na vijana kwenye kanisa la Methodisti. Kibarua siku za wiki na kwaya Jumapili: wa namna hiyo tunao wengi hata kwetu Kaimosi, magharibi mwa Kenya.

Kama jina lake hulijui, huenda wimbo wake mmoja unaujua. "Awesome God" wa 1988 huimbwa kwenye makesha ya vijana Nairobi na Kakamega, na mimi mwenyewe nimeupigia kinanda hadi vidole vinaujua bila mimi. Miaka yote hiyo sijasikia mtu akiuliza ni wa nani. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika Kanisa la Friends, yaani Waquaker, huko Vihiga, na hutunga pia. Nyimbo zangu chache zimetembea. Niliwahi kwenda mazishini Lugari nikakuta kwaya ngeni ikiimba wimbo wangu, kiitikio kimegeuzwa, na mwalimu wao akanifundisha kwa upole jinsi ya kuimba tenori. Sikusema kitu. Kwa hiyo nilipokuja Dayton kumwona dada yangu nilikuwa na ombi moja: nipelekwe nikaone alikopita huyu mtunzi. Mume wa dada ni dereva wa malori ya masafa marefu na alikuwa na likizo. Mtu wa kazi hiyo akipata likizo hulala. Yeye aliniambia, "Mwalimu, wewe sema ni wapi. Barabara nazijua."

Rich naye alijulikana kwanza kwa kuimbwa na mwingine. Bendi yake ya ujana, Zion, ilikuwa na wimbo ambao mwimbaji Amy Grant aliuchukua na kuuweka kwenye albamu yake ya 1982, Age to Age, albamu iliyokuja kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kabla ya sauti kuingia, piano inapiga fyuga ya Bach, sauti zikifuatana moja nyuma ya nyingine. Mpiga kinanda yeyote akiusikia mwanzo ule hukaa sawa kwenye kiti. Albamu ya kwanza yenye jina la Rich mwenyewe ilitoka baadaye, 1986.

Wanaomfuatilia wengi huenda Nashville, yaliko makampuni ya muziki. Sisi tumeiruka. Yeye mwenyewe aliuhama mji huo 1988, mwaka uleule wimbo wake ulipompa jina, na sikuona kwa nini nirudi mahali alipopaacha.

Jumapili: Richmond, Arba, Hollansburg

Sisi Friends wa Kenya tunalijua jina la Richmond, Indiana, tangu shule ya Jumapili. Ofisi za Friends United Meeting ziko hapa, na Chuo cha Earlham, kilichoanzishwa na Waquaker mwaka 1847, kiko hapa. Vijana watatu wa Kimarekani, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, ndio waliofika Kaimosi 1902 na kuanzisha misheni, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nilijiona kama mjukuu anayekwenda kusalimia upande wa babu.

Upande wa babu wananyamaza. Tuliingia ibada ya kimya, ile ya zamani. Hakuna mchungaji, hakuna kinanda, hakuna anayetaja namba ya wimbo. Watu wanaketi. Baada ya muda nikaanza kusikia saa ya ukutani. Baadaye nikasikia pumzi za shemeji, ambaye ni Mkatoliki wa Mukumu na alikuwa ameniahidi kwamba hatalala. Karibu na mwisho mama mmoja mzee alisimama, akasema maneno machache kuhusu jirani yake mgonjwa, akaketi. Kisha watu wakapeana mikono, ibada ikawa imekwisha. Pale mlangoni shemeji aliniinamia sikioni: "Mwalimu, kwani kwaya ilichelewa?"

Nilicheka, lakini swali lilinifuata hadi ndani ya gari. Rich Mullins alizaliwa Richmond tarehe 21 Oktoba 1955. Mama yake alikuwa wa jamii ya Waquaker, baba yake alikuza miche ya miti ya kuuza, na akiwa mtoto mchanga alipelekwa kwenye mkutano wa Friends wa Arba, kijiji kidogo karibu na Lynn, kaskazini mwa mji huu. Baadaye familia ilihamia kanisa lingine na huko ndiko alikobatizwa, kwa hiyo nisijidai kwamba alilelewa na kimya peke yake. Ila sikiliza albamu yake ya 1993, A Liturgy, a Legacy & a Ragamuffin Band, ambayo nusu yake ya kwanza imepangwa kwa mfuatano wa ibada. Kuna mahali ameweka Imani ya Mitume, karibu yote, na kabla hajatamka chochote ala inapiga peke yake. Ala hiyo ni sanduku pana la mbao lililotandazwa nyuzi nyingi, hupigwa kwa vijiti viwili vyepesi. Ni kama litungu la Wabukusu lililoshikwa na mtu mwenye haraka. Hana wasiwasi kwamba msikilizaji ataondoka. Mimi kwaya yangu ikikaa mipigo minane bila kuimba, mchungaji hutazama saa.

Arba ni barabara, nyumba chache na mashamba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, soya bado iko chini. Tukavuka mpaka wa jimbo kurudi Ohio, hadi makaburi ya Hollansburg alikozikwa. Ni makaburi ya kijijini, ya ukoo na majirani, bila geti la maana. Tulitembea mstari kwa mstari tukisoma majina. Tulipompata, shemeji alifanya ishara ya msalaba. Mimi nikasimama tu, maana sisi hatuna ishara.

Ubishi ulianza pale pale. Ni kweli kwamba alipokufa Rich alikuwa akihudhuria mafundisho ya Wakatoliki. "Basi ni wetu," shemeji akasema.

"Alikufa kabla ya kupokelewa."

"Njiani ni ndani, mwalimu."

"Mtoto ni wa kule alikobebwa kwanza. Huyu ni wa Arba."

Hatukumaliza. Tuliendelea nao, vipande vipande, hadi Arizona.

Kabla ya kurudi Dayton nililazimisha tusimame tena Richmond, kwenye bonde la mto Whitewater, kilipokuwa kiwanda cha piano za Starr. Ndani ya kiwanda hicho kulikuwa na studio ya Gennett, na humo mwaka 1923 mwanajazi Mweusi Louis Armstrong, kijana bado, alirekodi santuri zake za kwanza akiwa na bendi ya King Oliver. Reli ilipita karibu mno na studio. Treni ikija walisimama, wakangoja, wakaanza upya. Mashine hizohizo zilichapa pia santuri za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wenye chuki dhidi ya weusi, kwa malipo. Mji mmoja, bonde moja. Nililifikiria hilo kuliko nilivyotaka.

Jumatatu: Illinois, barabara ya I-39

Tumeondoka na mizigo yote. Dada ametufungia chapati na ndengu, na chupa ya chai ambayo shemeji haruhusu mtu mwingine kuigusa. Indianapolis, kisha I-74 kuelekea magharibi. Illinois ni tambarare tupu, na ukishaona ghala moja refu la nafaka unaliona linalofuata kabla hujalipita la kwanza. Kutoka Bloomington tukashika I-39 kwenda kaskazini, na hapo shemeji akapunguza maneno.

Usiku wa 19 Septemba 1997, Rich Mullins na mwimbaji mwenzake Mitch McVicker walikuwa kwenye barabara hii wakielekea Wichita, ambako kulikuwa na tamasha la hisani katika Chuo Kikuu cha Wichita State. Karibu na kijiji cha Lostant gari lao aina ya Jeep lilipinduka. Hawakuwa wamefunga mikanda, wakarushwa nje wote wawili. Lori lililokuwa likija lilikwepa gari hilo, likamgonga Rich. Alikufa hapo hapo, akiwa na miaka 41. McVicker aliumia vibaya sana, akapona, na ameendelea kuimba.

Habari hii nimeisoma mara nyingi. Shemeji ndiye wa kwanza niliyemsikia akiiuliza kwa upande wa pili.

"Na yule wa lori?"

Sikuwa na jibu.

"Sheria inaruhusu pauni 80,000, gari na mzigo," akasema, macho barabarani. "Ukiwa maili 65 kwa saa, lori lililojaa linataka futi kama 525 mpaka lisimame, na hiyo ni barabara kavu, breki nzima, na dereva aliyelala vizuri. Usiku taa za chini hazifiki huko. Unaliona gari limelala, unafanya ulichofundishwa: unakwepa chuma. Hujui kwamba kuna mtu. Hutajua mpaka usimame, uteremke, urudi nyuma kwa miguu na tochi."

Akanyamaza kwa maili kadhaa. Kisha akasema, "Huyo mtu naye ana redio kwenye gari lake. Huo wimbo unapigwa naye anasikia."

Tuliacha barabara kuu pale Lostant, tukajaza mafuta, hatukutafuta mahali penyewe. Shemeji alisema kusimama pembeni mwa barabara kuu bila dharura ni ujinga, na pia ni kosa. Nilikubali. Nilikuwa nimebeba nia ya kuimba ubeti mmoja huko, nikaona hapana.

Siku tisa kabla ya ajali hiyo Rich aliingia katika kanisa lililoachwa akiwa na kinasa sauti cha kaseti, akarekodi nyimbo za albamu aliyokuwa akiipanga kuhusu Yesu. Zilitoka 1998 kwa jina The Jesus Record: diski moja ni ile kaseti jinsi ilivyokuwa, nyingine ni nyimbo hizo zikiwa zimefanywa upya studio na bendi yake na wageni. Jioni hii hotelini Bloomington nimezisikiliza zote. Studio wamefanya kazi safi. Mimi nachagua kaseti. Chumba kinasikika, sauti inakwaruza, na anaimba kama anayemrithisha mwenzake wimbo ili akaufundishe Jumapili. Hata nyimbo zangu huanza hivyo, simu ikiwa juu ya benchi na kuku nje.

Jumanne: Missouri, Kansas

Siku ya kuendesha. Tulivuka Mississippi pale Hannibal, tukaipasua Missouri yote kwa barabara ya 36, tukala chapati za mwisho kabla ya Kansas City. Sina la kusema kuhusu Missouri ila kwamba ni ndefu.

Baada ya Emporia mambo yakabadilika. Wanaviita vilima vya Flint Hills. Chini ya udongo mwembamba kuna jiwe gumu lililowashinda wakulima na majembe yao ya plau, na ndiyo sababu nyasi ndefu za asili zimebaki hapa wakati kwingine zililimwa zote. Hakuna mti. Jua la Juni lilikuwa halijatua hata saa mbili na nusu usiku, na upepo ulikuwa ukizilaza nyasi upande mmoja kisha ukabadili mawazo. Shemeji amepita hapa mara nyingi na mzigo. Anasema upepo huu huu hulisukuma trela tupu likataka kuja mbele ya gari linalolivuta.

Rich alihamia Kansas 1988, na tangu hapo nchi hii ikaingia kwenye nyimbo. Albamu yake ya 1991 imejaa upepo, nyasi na ndege wa mbugani. Nilikuwa nikidhani anatia chumvi, kama sisi watunzi tunavyofanya tukikosa neno la kujaza mstari. Hakutia. Mwaka wa kifo chake yeye, McVicker na rafiki yake aliyejulikana kama Beaker walitoa mchezo mzima wa nyimbo, Canticle of the Plains, ambao unachukua maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi na kuyahamishia Kansas baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ukiwa Nairobi ni wazo la ajabu. Ukiwa kwenye vilima hivi saa mbili na nusu usiku, jua likiwaka, mtu mwenye kanzu iliyofungwa kamba akitokea kwenye nyasi usingeshangaa sana.

Jumatano: Wichita

Mavuno ya ngano yameanza. Mashine za kuvunia zinapita hata barabarani, zimetandaa njia zote mbili, na hakuna anayepiga honi.

Asubuhi tulikwenda Friends University. Jengo kubwa lenye mnara wa saa lilijengwa miaka ya 1880 kwa ajili ya chuo kingine kilichoishiwa fedha mapema. Waquaker wakalipokea 1898. Kwaya ya chuo inaitwa Singing Quakers, na nilimwonyesha shemeji jina hilo mara mbili ili suala la Jumapili liishe. Waquaker wa Kansas ndio pia waliomtuma Arthur Chilson, yule yule wa Kaimosi, kuanzisha misheni ya Kibimba huko Burundi mwaka 1934. Kwa hiyo nilitembea kwenye nyasi za chuo nikiwa na haki kidogo.

Hapa ndipo Rich alipopata shahada ya ualimu wa muziki, Mei 1995. Tafakari: redio za Kikristo nchi nzima zinampiga, matamasha yanajaa, naye anakaa darasani na vijana wanaoweza kuwa wanafunzi wake, anajifunza jinsi ya kumfundisha mtoto kupumua na kuhesabu mipigo. Alitaka kwenda kufundisha watoto wa Kinavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, na alitaka kwenda akiwa na kazi mikononi.

Sasa fedha, ambazo ndizo hasa zilizonileta. Yeye na Beaker walianzisha kikundi kidogo walichokiita Kid Brothers of St. Frank, marafiki waliojaribu kuishi kwa urahisi wa Fransisko bila kuwa watawa. Mapato ya albamu na matamasha ya Rich yalipelekwa kanisani kwake. Kanisa likamlipa mshahara wa wastani wa mfanyakazi wa Marekani kwa mwaka huo, kilichobaki kikaenda kwa wenye shida. Na aliomba asiambiwe jumla.

Nimelizungusha jambo hilo kichwani siku nzima. Mwishoni mwa miaka ya tisini kwaya yetu ilirekodi kaseti Nairobi. Mzalishaji mmoja wa River Road alitulipa mara moja, tukagawana nauli na kununua vitambaa vya shingoni. Kaseti ikauzwa hadi Mwanza. Sisi tulitaka kuijua hesabu tukanyimwa; yeye angeweza kuijua hesabu akaikataa. Sidhani kwamba vitu hivyo viwili vinafanana, ingawa vyote humwacha mtunzi bila kujua wimbo wake umezaa nini. Na si haki kumwambia mtunzi wa Vihiga aige mfano huu, kwa kuwa ili ukatae mali sharti kwanza iwe imefika mlangoni kwako, na mshahara wa kila mwezi uwe unaingia. Lakini simpunguzii kitu. Nawajua waimbaji wa injili wanaojua hadi senti, na kwenye nyimbo zao mpya hesabu hiyo inasikika: Mungu amegeuka mtu wa kuleta gari na nyumba. Katika nyimbo za Rich, Mungu hamletei mtu kitu chochote cha kuegesha.

Nilimweleza shemeji tukila nyama ya barbekyu. Akafikiri. "Mimi ningetaka kuona risiti," akasema.

Wala hakuwa malaika. Alipanda jukwaani miguu mitupu na ndevu hazijanyolewa, alivuta sigara, alisema ya moyoni mpaka waandaaji wakatokwa jasho. Wazee wa kanisa letu wasingempa maikrofoni. Wangempa mswaki na tai kwanza.

Alhamisi: barabara ya 54

Kutoka Wichita kwenda kusini-magharibi, barabara ya 54 inakata kona ya Oklahoma na ya Texas hadi Tucumcari, New Mexico. Ni njia ya malori, na shemeji alisalimiana na nusu yao kwa kidole kimoja juu ya usukani. Karibu na Guymon na Dalhart kuna mazizi ya kunenepesha ng'ombe, maelfu kwa maelfu kwenye vumbi, na harufu inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Mtu wa Vihiga mwenye ng'ombe wawili na shamba la robo ekari huitazama hali hiyo kwa heshima na huzuni.

Giza lilitukuta Texas. Inasimuliwa kwamba "Awesome God" ulitungwa safari ya namna hii: Rich anaendesha usiku kwenda kwenye mkutano wa vijana Colorado, usingizi unamzidi, anaanza kujipigia makelele akiigiza wahubiri wa Kusini, na katika makelele hayo kiitikio kikatokea. Shemeji alisema hiyo anaiamini mia kwa mia, kwa kuwa yeye amewahi kuhutubia bunge zima kati ya Amarillo na Albuquerque.

Rich mwenyewe alikuja kusema kwamba ni mojawapo ya nyimbo alizoziandika vibaya kuliko zote. Nakubaliana naye, na nasema hivyo kama fundi. Beti zina maneno mengi kuliko noti. Zinasukumana mlangoni kama abiria wa matatu. Kiitikio ndicho kilichookoa kila kitu: mistari michache, sauti haipandi wala kushuka kwa namna ya kumtisha mtu, na hata asiyejua kuimba anapata mahali pa kushika. Ndiyo sababu makanisa mengi yameacha beti yakabaki na kiitikio. Watu waliuhariri wimbo wenyewe, bila kumuuliza, na walihariri vizuri. Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba wale wa Lugari pia waliugeuza wimbo wangu, na kwamba kiitikio chao, nikisema kweli, kinaimbika kuliko changu.

Ijumaa: Gallup, Tse Bonito, Window Rock, St. Michaels

Ardhi ni nyekundu. Kutoka Gallup unaelekea kaskazini kidogo kisha magharibi, na kabla tu ya mpaka wa Arizona ndipo Tse Bonito, mahali ambapo Rich alihamia 1995 baada ya kuhitimu. Vuka mpaka, uko Window Rock, makao makuu ya taifa la Wanavaho. Saa ya simu yangu haikubadilika, na shemeji akanieleza: Arizona haisogezi saa majira ya joto, lakini Wanavaho wanasogeza. Dereva asiyejua hilo hukosa miadi ya kushusha mzigo.

Jina la mji limetokana na mwamba mkubwa uliotobolewa na upepo, tundu la mviringo unaloona anga kwa nyuma. Chini yake kuna sanamu ya askari wa Kinavaho waliotumia lugha yao kama mafumbo ya kijeshi katika Vita vya Pili vya Dunia. Lugha hiyohiyo watoto wao walipigwa kwa kuisema shuleni.

Rich alikaa huku miaka yake miwili ya mwisho, akafundisha watoto muziki na kujijengea makazi kwa mtindo wa hogani, nyumba ya Kinavaho ambayo mlango wake hutazama mashariki. Aliwaambia waliomhoji kwamba alikuwa amechoka kumtazama Mungu kwa macho ya Wazungu wa tabaka la kati peke yake. Hakudai kwamba amekuja kuwaongoa watu. Sisi tuliozaliwa kwenye boma la misheni tunajua tofauti hiyo ina uzito gani. Chilson na wenzake walileta shule, hospitali na kinu cha mbao, nami ni mtoto wa shule hiyo. Walileta pia orodha ya ngoma zisizoruhusiwa.

Hatukwenda kutafuta mahali alipojenga. Ni makazi ya watu, na wamechoka na wageni wa kupiga picha.

Tulikwenda misheni ya St. Michaels, maili chache mbele. Hapo ubishi wetu ulipata mafuta mapya, maana ilianzishwa 1898 na Wafransisko, watawa wa Kikatoliki waliotoka Cincinnati. Cincinnati ile ile. Mwenzao aliyewafuata baadaye, Berard Haile, alitumia maisha yake kujifunza Kinavaho na kusaidia kukiandika. Shemeji alizunguka vyumba vya makumbusho mikono nyuma kama mwenye nyumba. "Unaona?" akaniambia kila baada ya picha. "Unaona?"

Mama aliyekuwa akitupokea pale alituuliza tumetoka wapi. Tukasema Kenya. Uso wake ukafunguka: mjukuu wake hukimbia, huku kila mtu hukimbia, je, sisi tunakimbia mbio gani? Nikamweleza kwamba wakimbiaji ni Wakalenjin, majirani zetu. Sisi Waluhya tunaimba, na tukikimbia ni nyuma ya mpira. Akasema basi imbeni. Nilimtazama shemeji. Tuliimba beti mbili, yeye besi na mimi tenori, wimbo wa Kimaragoli wa kuaga wageni, bila soprano wala alto, na mama yule alitikisa kichwa kwa mpigo sahihi tangu mstari wa pili. Hakuuliza ni wa nani. Ni wangu.

Sasa ni usiku, Gallup. Treni za mizigo zinapita nyuma ya hoteli, ndefu mno, na hakuna anayelala. Shemeji amepigiwa simu: kuna mzigo unamngoja Dayton Jumatatu, kwa hiyo tutaondoka saa kumi alfajiri kabla upepo wa I-40 haujaamka. Nimeandika kwa solfa soprano na tenori za wimbo niliouanza Kansas, nikaimba sauti zote nne kwenye simu kwa zamu, nikatuma kwenye kundi la kwaya. Vihiga tayari ni asubuhi ya Jumamosi, wamo kwenye mazoezi. Besi wameshalalamika kwamba noti ya mwisho iko chini mno. Nitaipandisha njiani.